Ubao wa Katikati

Chini ya jukwaa kuligongwa mara mbili. Kitinda akasogea ubao mmoja mbele, akaweka wayo mzima, akauegemea. Ubao ukalia. Chini, nyundo ikapiga kabari. Ubao ukalia tena, kwa shingo upande, kisha ukanyamaza.

"Huo umekwisha," sauti ya Fundi ilitoka sakafuni. "Njoo mwingine."

"Nipumue basi, Fundi! Mimi ni mtu, si mzani."

"Mzani hausemi sana."

Kitinda akacheka mpaka akajishika mbavu. Ngurumo hakucheka. Alikuwa ameketi safu ya mbele ya viti, pazia la jukwaa limemfunika magoti, anashona pindo lililoliwa na panya. Alishukuru kuwa na pazia lile. Lilificha goti la kushoto, nalo goti la kushoto ndilo lililokuwa na siri yake.

Alikuwa amerudi jana, baada ya miaka mingi ya kucheza kwenye majukwaa ya mbali. Mdogo wake alimpigia simu analia: mwenye jengo anataka kuugeuza ukumbi ghala la vigae. Ukumbi ule watu wa mtaa waliujenga kwa mikono yao, na hakuna mtoto wa pale ambaye hakupata kusimama juu ya jukwaa lake akasahau maneno yake. Kwa kuombwa sana, mwenye jengo alitoa sharti moja. Jumamosi aje aukute umejaa, watu wamekaa na wengine wamesimama, naye ataachana na watu wa vigae. Ukibaki na viti vitupu, atakabidhi funguo Jumatatu.

"Dada, jina lako likiwa kwenye bango watakuja hata wagonjwa," Kitinda alisema kwenye simu. "Na sakafu anaitengeneza Fundi. Fundi yule yule."

Ngurumo alipakia begi usiku ule ule. Alijiambia anarudi kuokoa ukumbi. Lakini alipokuwa njiani, kila alipofumba macho, hakuuona ukumbi.

Mtaani walimpa jina la Ngurumo tangu utotoni kwa sababu ya kisigino chake. Akitua, madirisha yalitikisika. Na Fundi ndiye aliyejua kuifanya sakafu imstahimili. Mbao za jukwaa lile hazikupigiliwa misumari. Zililala juu ya boriti, zikakazwa kwa kabari ndogo za mti mgumu, ili zinese kidogo mchezaji anapotua zisimwumize. Kabari hulegea, na kuzikaza ni kazi ya watu wawili: fundi hulala chali chini na taa yake, mchezaji hutembea juu. Hawaonani. Gonga mbili, songa. Gonga moja, rudi. Kukubali, mchezaji hujibu kwa kisigino.

Hivyo ndivyo walivyopendana, binti juu na kijana chini. Walikuwa na jibu lao ambalo halikuhusu mbao: kisigino, kidole, kisigino. Fundi aligonga swali, Ngurumo akajibu, kisha wote wawili wakanyamaza kila mmoja upande wake, wanacheka peke yao kama wendawazimu.

"Nitakujua kwa hatua," kijana alimwambia siku moja, maranda yamemjaa nyweleni hata kwenye nyusi. "Hata ukipita juu ya kaburi langu, nitajua ni wewe."

Jana alipomwona akiingia na begi lake, alisema tu, "Karibu nyumbani," akaendelea kunoa patasi. Lakini alipoulizwa na Ngurumo habari ya ubao wa katikati, ule ambao mchezaji mkuu hutua juu yake, alijibu bila kuinua macho, "Huo naufanya mwisho. Nitaufunga kwa uzito wako, kama zamani."

Kama zamani. Ngurumo alilala na maneno hayo mawili.

Mlango wa nje ukagongwa. Sauti ya Mama ikaita kutoka uani: rangi imeletwa, nani aje abebe?

"Dada, nishikie hapa kidogo," Kitinda alinong'ona, tayari ameruka kutoka jukwaani. "Gonga mbili, unasogea. Lakini nani namfundisha!" Akatoka mbio.

Ngurumo akaweka pazia kando. Akavua viatu, akaviacha chini ya kiti. Ngazi za jukwaa alizipanda kwa kushika ukuta, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona. Moyo ulimwenda mbio kama wa binti anayepanda pale kwa mara ya kwanza. Alijua kitakachotokea: ataweka mguu mmoja tu, na chini kule nyundo itasimama.

Akaweka mguu.

Chini kukagongwa mara mbili. Akasogea. Nyundo ikapiga kabari, ikatua.

"Ameondoka?" Fundi aliuliza.

Ngurumo akatabasamu. Amenijua, alijiambia. Anamwulizia Kitinda. Anataka tubaki wawili. Akagonga kisigino mara moja: ndiyo.

"Afadhali." Sauti ya Fundi ilishuka, ikawa ile aliyoizoea, ya mtu anayezungumza karibu na sikio. "Mpenzi, tangu jana natafuta nafasi ya kusema nawe. Nimeona unavyonitazama, kama mtu aliyeibiwa. Usinitazame hivyo. Moyo wangu uko pale pale ulipouacha."

Machozi yalimjaa Ngurumo. Aliuma mdomo. Miaka yote ile, hoteli zote zile, mashada ya maua yaliyonyauka kwenye mabeseni ya kunawia, na kumbe mtu alikuwa amelala chini ya sakafu ile ile akimngoja.

"Huyo dada yako asikutie wasiwasi," Fundi aliendelea.

Ngurumo alisimama pale pale, mguu mmoja mbele.

"Mama yuko sahihi. Tusimwambie lolote mpaka Jumamosi ipite. Akijua nakuoa, atakasirika apakie begi lake, unamjua alivyo. Tunachohitaji ni jina lake kwenye bango. Acheze, watu wajae, mwenye jengo aridhike. Baada ya hapo arudi kwake na maua yake, sisi tubaki na ukumbi wetu."

Kukagongwa mara mbili. Ngurumo akasogea. Hakujua alisogezwa na nini, maana miguu hakuisikia.

"Na ule ubao wa katikati nitaufunga kwa uzito wako wewe. Nimemwambia nitaufunga kwa wake, nimnyamazishe tu. Atatua mara moja na kuondoka. Wewe ndiye utakayeukanyaga miaka yote." Nyundo ikapiga, pole pole. "Juzi uliniuliza kama nilimpenda, nikakaa kimya. Nilimpenda. Lakini nilimpenda kama mtu anavyopenda radi. Unakimbilia dirishani kuitazama, hulali nayo chumba kimoja. Wewe ndiye wa kulala naye chumba kimoja. Umenisikia?"

Ngurumo akagonga kisigino. Angefanya nini? Angefungua mdomo, angejulikana. Na lililomwuma zaidi ya yote aliyoyasikia ni kwamba lazima afungue mdomo ndipo ajulikane.

"Basi nijibu vizuri," Fundi alisema, na kwa sauti tu ilionekana anatabasamu. Akagonga swali. Lile lile la zamani, kwa mpigo ule ule.

Amemfundisha, Ngurumo aliwaza. Hata hilo amempa.

Alikuwa na nafasi ya kutojibu. Angeweza kushuka, kuvaa viatu, kushika pindo lake la pazia. Lakini mwili una ukaidi wake. Mguu wake wa kulia ulijibu wenyewe: kisigino, kidole, kisigino.

Chini, Fundi akacheka kwa furaha. "Enhe! Siku zote unalikosea, leo umelipata sawasawa kama..."

Hakumaliza.

Taa ikaburutwa. Mlango wa sakafuni, pembeni mwa jukwaa, ukainuka, na kichwa cha Fundi kikatokea, nywele zimejaa vumbi. Akatazama miguu kwanza. Kisha goti, na kovu lililolizunguka. Uso aliutazama mwisho.

"Kitinda yuko wapi?" aliuliza.

"Hilo ndilo la kwanza unaloniuliza?"

"Yuko wapi?"

"Uani. Anabeba rangi. Usihofu, hajasikia. Mwenye masikio nilikuwa mimi."

Fundi akapanda, akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani. Mikono hakujua aiweke wapi. Mwishowe ikashika nyundo.

"Ulisema utanijua hata nikipita juu ya kaburi lako," Ngurumo alisema.

"Nilisema nikiwa na umri wa kusema mambo kama hayo."

"Ulinijua au hukunijua?"

"Sikukujua. Tembea tena."

"Nini?"

"Tembea. Toka hapo mpaka kwenye pazia."

Alisema kama fundi, si kama mpenzi, na labda ndiyo sababu Ngurumo alitii. Fundi akafumba macho, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Mguu wa kushoto huutui," alisema. "Unauweka, unauondoa. Ndiyo maana nilidhani ni yeye. Yeye ni mwepesi. Ni goti?"

"Goti."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nilitua vibaya."

"Wanaweza kulirekebisha?"

"Walilirekebisha. Hili unaloliona ndilo lililorekebishwa."

Fundi akafumbua macho. "Na Jumamosi ulitaka kucheza hapa na goti hilo."

"Mara moja tu. Juu ya sakafu yako. Nilijua kama kuna sakafu itakayonibeba mara moja, ni hii."

"Ungeanguka mbele ya mwenye jengo na mtaa mzima. Ungetuzika."

"Nisingeanguka."

"Mtu niliyemsikia sasa hivi ataanguka," Fundi alisema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. "Hukuja kuuokoa ukumbi. Ulikuja kwa sababu huko hawakutaki tena."

Ngurumo alishika pazia la pembeni. "Nilikuja kwa ajili yako, mjinga wewe."

"Umechelewa."

"Nimeona."

"Hapana, hujaona." Sasa hasira ilipanda, ya siku nyingi, iliyotulia mpaka ikawa ngumu. "Siku uliyoondoka nilikuwa wapi? Niambie."

Ngurumo alitazama mbao za mbele.

"Nilikuwa chini hapa. Tulikuwa tunakaza mbao za mbele. Ulisema unakwenda kunywa maji. Nikagonga. Nikangoja, nikagonga tena. Nilidhani unanitania. Nilicheka peke yangu humo ndani mpaka mama yako alipokuja kuniambia gari la kikundi cha wachezaji limeshaondoka nawe. Ulishindwa hata kuinama, uniambie kwenye ufa wa ubao?"

"Ningeinama nisingeondoka."

"Basi uliondoka," Fundi alisema. "Mdogo wako akapanda hapo ulipokuwa umesimama, akaniuliza afanye nini. Alikuwa hajui hata gonga mbili ni nini."

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Aliyeingia ni Mama, na chupa ya chai mkononi. Alimwona Fundi ukingoni mwa shimo, akamwona binti yake mkubwa peku, akaelewa. Hakuwa mwanamke wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Kitinda bado yuko na watu wa rangi," alisema. "Kama mna la kugombana, gombaneni upesi."

"Mama," Ngurumo alisema, "wewe ulinikataza huyu."

"Nilikukataza."

"Uliniambia nitakula maranda na kulalia misumari. Ulikaa siku tatu hunisemeshi."

"Nakumbuka."

"Leo unampa mdogo wangu. Maranda yamegeuka wali?"

Mama akaweka chupa juu ya kiti, akaifunga kifuniko ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Wewe ulikuwa na miguu, mwanangu. Ningekuacha uolewe mtaani hapa, ungenilaumu mpaka leo. Mwenzako alibaki. Amenifulia, amenishika mkono hospitali, amenifunga kamba za viatu mgongo ulipokataa kuinama. Nilikuwa nimpe nini? Kilichobaki nilicho nacho ndicho nilichompa."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayegawa chakula. Lakini Fundi aliinua kichwa, akamtazama, kisha akakirudisha chini taratibu. Hakuna aliyemwomba radhi. Ngurumo aliona jinsi neno lile lilivyoingia, na kwa nukta moja alifurahi. Furaha ile ilimtia aibu, lakini alikuwa ameshaionja.

"Naweza kulitoa jina langu kwenye bango," alisema. "Leo hii hii."

"Unaweza," Mama alisema.

"Viti vitabaki vitupu."

"Vitabaki. Na vigae vitaingia Jumatatu. Na sisi sote tutakuwa tumeumia sawasawa. Hilo ndilo unalolitaka?"

Kabla hajajibu, Kitinda aliingia akiburuta makopo ya rangi, jasho linamtiririka, anazungumza kabla hajafika. "Watu hawa wameleta kijani! Nani aliwaambia kijani? Tutaonekana kama zahanati! Dada, viatu vyako umeviacha kwa watazamaji, wenzako watavaa..." Akasimama. Akawatazama mmoja mmoja. "Heh. Mbona kama mmefiwa?"

Sura ya Kitinda ikabadilika polepole. Alimtazama Fundi, na jinsi alivyomtazama ilikuwa hivyo hivyo alivyosema Fundi, kama mtu aliyeibiwa.

Ngurumo angeweza kumaliza yote kwa sentensi moja. Ilikuwa tayari ulimini, anaisikia ladha yake. Lakini mdogo wake alikuwa amepakwa rangi ya kijani mpaka shingoni, na katika mkono wake wa kushoto alishika, bila kujijua, pindo la pazia lililoanguka chini, asije mtu akalikanyaga.

"Fundi amenisikia natembea," Ngurumo alisema. "Goti langu limekwisha, Kitinda. Siwezi kucheza Jumamosi."

"Dada!"

"Usilie, huna nafasi ya kulia. Jina langu litabaki kwenye bango. Nitasimama mlangoni, nitawapokea, niwaambie karibuni. Wakishakaa, utacheza wewe."

"Watanizomea!"

"Watakuzomea. Wamekuja kuniona mimi, wanakuona wewe, kwa nini wasikuzomee? Utacheza hivyo hivyo. Na ukitua vibaya, sauti ya kwanza ya kuzomea itakuwa yangu."

"Dada, unasema kama unanichukia."

"Panda hapa."

Kitinda akapanda. Ngurumo akamsimamisha, akampiga kofi dogo kwenye paja ainue goti, akamsukuma mgongo kwa kiganja kikavu. Akamwambia aruke. Kitinda akaruka. "Mbaya." Akaruka tena. "Unatua kama mtu anayeomba ruhusa. Rudia." Mama alimimina chai, hakuna aliyeinywa. Kitinda alirudia mpaka machozi na jasho vikachanganyika, na dada yake hakumpa neno jema hata moja, ila mara moja, alipotua na vioo vya madirisha vikajibu kidogo, Ngurumo alinyamaza. Kitinda aliufahamu ukimya ule, akaufuta uso wake kwa bega, akarudia bila kuambiwa.

Fundi alikuwa amerudi chini. Walimsikia akihangaika katikati. Ubao wa katikati ukainuka, ukasogezwa kando, na mkono wake ukatokea kwenye uwazi, umebeba kabari kuukuu, nyeusi kwa mafuta ya mikono, zimebonyea kwa kukaliwa.

"Hizi zilikuwa zako," alisema kutoka gizani. "Zilikuwa hapa siku zote. Sikuwahi kuzitoa."

Ngurumo alizipokea. Zilikuwa na joto la kiganja chake. Alizitazama, akamwona Mama akihangaika na mlango wa ukumbi uliokuwa ukijifunga kwa upepo.

"Mama, chukua hizi," alisema. "Zuia mlango."

Mama akazichukua, akaziingiza chini ya mlango kwa ncha ya kiatu. Zilifaa kabisa.

Jua lilikuwa linaondoka madirishani. Fundi alisema hawezi kukata kabari mpya kwa taa; mti mgumu ukikosewa mara moja umekosewa. Kitinda akajifunika mabega kwa khanga, akatoka na Mama, analalamika habari ya kijani, sauti yake imepasuka kwa kulia na bado anachekesha.

Ngurumo alibaki. Akachukua chaki, akachechemea mpaka katikati ya jukwaa, taratibu, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuficha.

"Ngurumo," Fundi aliita kutoka chini.

Sasa alimjua. Alimjua kwa mguu unaoburutwa.

Hakujibu, si kwa mdomo, si kwa kisigino. Aliinama, goti likalia, akachora mstari mnene wa chaki kulizunguka shimo lile jeusi ili asije mtu akaingia. Kupitia uwazi aliuona mwanga wa taa, na mkono uliolala wazi juu ya boriti, hauna nyundo.

"Kesho uanze na huu," alisema. "Kitinda atakuja mapema. Uufunge kwa uzito wake."

Akashuka ngazi kwa kushika ukuta, akaviokota viatu vyake chini ya kiti, na sindano akaiacha ilipokuwa, imechomekwa kwenye pindo, nusu ya pazia bado haijashonwa.